Nusu ya Ndani

Mama mdogo alikuwa ameshakunja leso zake zote. Begi lilikuwa wazi kitandani, na ndani limepangwa kwa mtindo wake: mswala juu, viatu chini kwenye mfuko wa nailoni, unga wa muhogo uliobaki umefungwa kwa uzi usimwagike. Nilikuwa natoka kununua chapati. Hakungoja hata niziweke chini.

"Damu imekatika, mwanangu. Kesho tupande basi."

Asubuhi ile alikuwa amemaliza mionzi ya nje: dozi 25, Jumatatu mpaka Ijumaa kwa wiki tano, pamoja na dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, kila wiki. Saratani ya mlango wa kizazi. Tulikuwa tumepanga chumba Kampala, na yeye alishawachoka watu wa Kampala, foleni za Kampala na matoke ya Kampala. Alitaka Arua, nyumbani. Alitaka ugali wa muhogo unaosongwa na mtu anayemjua.

"Mama, bado ile mionzi ya ndani."

"Ya ndani ya nini? Ugonjwa wenyewe umeondoka."

Nilifungua mdomo nikakosa la kusema.

Tarehe ya kurudi hospitali ilikuwa imeandikwa kwenye kadi yake kwa kalamu ya bluu, na mimi niliiamini kwa kuwa daktari ndiye aliyeiandika. Lakini yeye hakuniuliza tarehe. Aliuliza jambo la maana kabisa: nilikuwa natoka damu, sasa sitoki, kwa nini niende kuingizwa vyuma mahali ambapo hata mume wangu hajawahi kupaona mchana?

Tumesharudi Arua, wiki zimepita, na swali lile bado linanikaba. Sidhani ni lake peke yake.

## Hofu ya doa

Kama hujaishi na mwanamke anayetoka damu kwa miezi, unaweza kumwona mama mdogo mkaidi. Hedhi yake ilikoma zamani. Damu iliporudi, wenzake walimwambia ni mabaki tu, yatatoka yaishe. Hayakuisha. Yakaja kila siku, halafu ikaja na harufu, na harufu ndiyo iliyomfungia ndani. Aliacha harusi. Akaacha matanga. Mtaa wetu wa Oli, kule Arua, wote ulijua kwamba mama huyu hakosi kwenye sufuria la pilau la mtu yeyote, na ghafla akawa haonekani.

Msikitini aliacha kwenda. Hukumu aliijua, maana aliuliza: ile ni istihadha, mwanamke anajisafisha, anatawadha kwa kila sala, anaswali. Hakuna aliyemkataza. Ila moyo wake haukutulia. Angewezaje kusujudu kwenye safu ya wanawake huku anawaza kama kuna doa nyuma ya baibui?

Kwa hiyo damu ilipopungua, halafu ikakatika kabisa katikati ya zile wiki tano, kwake hiyo haikuwa dalili imetulia. Alikuwa amerudishiwa utu wake. Alioga, akavaa, akaenda msikitini Ijumaa kwa mguu, akarudi anacheka na mwenye nyumba.

Sasa mweleze mtu huyo kwamba hajapona.

Damu ndiyo hutangulia kuondoka. Mionzi ya nje huikausha mapema, mara nyingi kabla dozi hazijaisha, kwa sababu ile nyama ya uvimbe inayovuja hujifunga na kusinyaa. Lakini kusinyaa kwa uvimbe si kufa kwake. Chembe zilizobaki kwenye shingo ya kizazi hazitoi damu, haziumi, hazinuki. Zimekaa kimya zinajijenga upya.

Na hapo ndipo mtego ulipo. Ugonjwa huu humwita mgonjwa hospitali kwa kelele, kisha matibabu yakifika nusu kelele zinanyamaza, na mgonjwa anatakiwa arudi kwa ajili ya kitu asichokihisi hata kidogo.

## Barazani

Nyumba tuliyopanga ilikuwa na wagonjwa wengine kutoka kila kona: Kasese, Soroti, Gulu. Jioni wote walikaa barazani, na baraza hilo lilikuwa na madaktari wengi kuliko wodi. Juu ya mionzi ya ndani walijua kila kitu.

Walisema unafungiwa chumbani peke yako siku mbili. Walisema inachoma kizazi kikawa majivu. Walisema ukitoka unabaki na mionzi mwilini, usimpakate mtoto, usilale na mume, ataungua.

Mmoja akasema lile lililomwingia mama mdogo kuliko yote: wanaopelekwa ndani ni wale ambao mionzi ya nje imeshindwa kuwaponya.

Hili la mwisho niliona lina akili ndani yake, na ndiyo sababu lilinitia wasiwasi hata mimi. Hivyo ndivyo tunavyozoea. Vidonge vikishindwa unachomwa sindano, sindano ikishindwa unalazwa. Tumezoea tiba zinazopanda ngazi. Basi mtu akimaliza dozi 25 akaambiwa kuna nyingine, tena ya ndani, tena na ganzi, atasikia nini zaidi ya hukumu?

Usiku huo baba mdogo alipiga simu kutoka Oli. Alikuwa ameshasikia, sijui kutoka kwa nani. Akasema kwa upole ule wa wazee ambao haujibiwi: "Mrudishe nyumbani. Mmefanya vya kutosha."

Nikamwambia, "Sawa, baba. Lakini kesho niruhusu nikaulize kwanza."

## Kwa nini ndani

Kulikuwa na sista mmoja aliyelelewa kwenye kambi ya jeshi Bombo, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambi hasa, kisicho na mapambo. Yeye ndiye aliyetupeleka kwa mwanafizikia wa mionzi. Nakiri sikujua kama hospitali ina wanafizikia. Nilidhani hao ni walimu wa sekondari. Kumbe kabla ya mgonjwa kuguswa na mionzi, kuna mtu anayekaa na kompyuta na kupiga hesabu ya kila dakika.

Mama mdogo alimuuliza swali lake lile lile. Kijana hakucheka, wala hakumwambia "ni maagizo ya daktari". Alimuuliza: "Mama, sigiri ikiwaka, mtu wa karibu na mtu wa mlangoni wanasikia joto sawa?"

Akaanzia hapo. Ukirudi nyuma mara mbili ya umbali, nguvu ya mionzi haipungui nusu, inashuka hadi robo. Ukirudi mara tatu, inabaki sehemu moja ya tisa. Ndiyo kanuni ya chanzo kidogo cha mionzi, na tiba yote ya ndani imesimama juu yake. Ukiweka chanzo ndani ya uvimbe wenyewe, uvimbe unapata dozi kubwa mno, na kiungo kilicho sentimita chache pembeni kinapata kidogo tu.

Mionzi ya nje haiwezi hivyo. Inatoka kwenye mashine, inapita ngozi, inapita utumbo na kibofu, ndipo ifike kwenye mlango wa kizazi, halafu inaendelea kutokea upande wa pili. Kazi yake ni kubwa: inasafisha nyonga nzima, pamoja na tezi ambazo saratani hupenda kujificha. Lakini ina kikomo, na kikomo hicho kinawekwa na utumbo. Dozi hupimwa kwa grei. Mionzi ya nje kwa kawaida hutoa grei 45 mpaka 50. Kuua uvimbe wa mlango wa kizazi kunahitaji jumla inayofika 80 na kuzidi. Ukijaribu kuzifikisha zote kutoka nje, utatoboa utumbo kabla hujamaliza saratani. Kizazi chenyewe kinastahimili kuliko majirani zake, kwa hiyo zile grei zilizobaki hupelekwa ndani, mlangoni kwake, bila kupita kwa jirani.

Nilimuuliza kwa nini basi wasianze na ndani. Kwa sababu uvimbe mkubwa hauachi njia. Mionzi ya nje inaupunguza mpaka mirija iweze kuingia na ile dozi ya karibu iweze kuufunika wote.

Kwa hiyo nje haikushindwa. Nje ilitengeneza njia.

Mama mdogo alikaa kimya, akageuza kadi yake mkononi. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Kwa hiyo hii ilikuwepo kwenye hesabu tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza, mama."

"Basi mngenionyesha hesabu siku ya kwanza."

Sista akatazama sakafu. Nadhani mama alikuwa amesema kweli, ila sijui nimlaumu nani. Siku ya kwanza mtu anaambiwa ana saratani. Baada ya neno hilo, masikio yake hubeba nini tena? Huenda ilisemwa. Huenda ilisemwa kwa Kiingereza, nami nikatafsiri robo tu ya yaliyosemwa, kwa sababu na mimi nilikuwa nimebaki kwenye lile neno.

## Uvumi una babu yake

Nilivutiwa na jambo moja niliposoma baadaye. Yale ya barazani hayakutoka hewani. Mengi yaliwahi kuwa kweli.

Radiamu iligunduliwa na Marie na Pierre Curie mwaka 1898, na haikuchukua miaka mingi madaktari wa Ulaya wakaanza kuiweka ndani ya miili ya wagonjwa. Mlango wa kizazi ulikuwa kati ya sehemu za mwanzo kabisa, kwa sababu unafikika bila kisu. Mirija yenye radiamu iliwekwa kwa mikono. Mwanamke alilala nayo saa nyingi, mara nyingine siku kadhaa, na wauguzi waliomhudumia nao walichomwa pamoja naye, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Mwaka 1938 wataalamu wa Manchester waliweka utaratibu wa kupima dozi kwenye nukta mbili, sentimita 2 juu ya mlango wa kizazi na sentimita 2 pembeni, kulia na kushoto. Nukta hizo, zinazoitwa nukta A, zinatumika mpaka leo mahali ambapo picha za kisasa hazipatikani.

Baadaye ikaja akili ya kuweka kwanza mirija mitupu, kuhakikisha imekaa sawa, kisha ndipo chanzo kiingizwe. Halafu mashine ikachukua kazi ya mikono. Hata hivyo, kwa miaka mingi vilitumika vyanzo vya sizimu vinavyotoa dozi polepole, na mgonjwa alilala navyo kwenye chumba chake peke yake, siku moja, siku mbili, wageni wakisimama mlangoni. Mama wa barazani anayesema "unafungiwa siku mbili" hasemi uongo. Anasimulia tiba ya shangazi yake.

Na lile la kutompakata mtoto? Nalo ni la kweli, kwa mgonjwa mwingine. Anayetibiwa saratani ya tezi la shingoni kwa kunywa iodini ya mionzi anakuwa na iodini hiyo mwilini, nguvu yake hupungua nusu kila siku 8, na huambiwa akae mbali na watoto na wajawazito kwa muda. Watu walimwona huyo, wakaunganisha.

Mashine za sasa za dozi ya haraka ni habari nyingine. Chanzo ni kipande kidogo cha iridi au kobalti, urefu wa milimita chache, upana wa kama milimita moja, kimechomelewa kwenye ncha ya waya. Kinakaa ndani ya kasha zito lililokingwa. Waya unakisukuma hadi kwenye mirija, kinasimama hapa sekunde kadhaa, pale sekunde kadhaa, kwa mpango wa kompyuta, kisha kinarudi kwenye kasha. Kikisharudi, mgonjwa hana mionzi yoyote. Anaweza kumpakata mjukuu jioni ile ile.

Kuna jambo lilinichekesha kidogo. Iridi hupungua nguvu nusu kwa siku 74 hivi, kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu au minne lazima kiagizwe kipande kipya, kipite viwanja vya ndege na karatasi za forodha. Kobalti huchukua zaidi ya miaka mitano kufika nusu. Unaweza kuona kwa nini nchi ambazo forodha zake tunazijua huipenda kobalti. Na chanzo kinapozeeka, dawa haichuji kwa maana ya kumpunja mgonjwa: mwanafizikia anaongeza dakika. Wanawake wawili wanaweza kupata dozi ile ile, mmoja kwa dakika saba na mwingine kwa kumi na tano, kwa sababu tu ya umri wa kile kipande.

## Mlango mzito

Yafuatayo ni maneno yake, kwa ruhusa yake, maana mimi nilibaki nje.

Hakula tangu usiku. Walimchoma sindano ya ganzi mgongoni, miguu ikawa si yake. Wakamwekea mpira wa mkojo. Miguu ikainuliwa, na alifumba macho wakati huo wote, si kwa maumivu. "Niliona haya, mwanangu. Saratani ilishanivua nguo mbele ya watu wengi, lakini siku ile ndiyo niliyoona haya." Aliomba awepo mwanamke. Sista wa Bombo akaja akasimama upande wa kichwa na kumshika bega.

Mrija mmoja uliingia ndani ya kizazi, miwili ikakaa pembeni mwa mlango wake. Halafu wakajaza gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, ndefu, wanaishindilia mbele na nyuma. Gozi hiyo inashikilia mirija isisogee, na pia inasukuma kibofu na utumbo mkubwa mbali. Kumbuka ile kanuni ya umbali: hata milimita chache za gozi ni faida kwa kibofu.

Kisha kungoja. Hapo ndipo siku ilipokwenda. Picha, halafu hesabu, halafu daktari akague hesabu, na yeye amelala chali haruhusiwi kujigeuza, maana mirija ikisogea hesabu yote inaharibika. Aliniambia mgongo ndio uliomtesa, na mdomo kukauka.

Ndipo wakamwingiza kwenye chumba chenye mlango mzito, wakaunganisha mirija na mashine, wakatoka wote.

"Wote walitoka," alirudia. Hilo ndilo lililomkaa.

Nilijaribu kumfafanulia kwamba wao hufanya kazi hiyo kila siku, wakibaki mionzi itawarundikia. Kwamba walikuwa wanamwona kwa kamera na kumsikia kwa kipaza sauti. Akaniangalia kwa subira. Hayo yote aliyajua. Alichokuwa ananiambia ni kwamba kila mtu aliyekuwa akisema "usiogope" alikimbia nyuma ya ukuta wa zege, na yeye akaachwa na kile kitu.

Sina jibu la hilo. Nimelifikiria sana, na kila nikilipa jibu la kisayansi naona nimejibu swali ambalo hakuuliza.

Alisoma Yasini. Kabla hajaimaliza, mashine ikanyamaza na mlango ukafunguliwa.

Hakuhisi chochote. Mionzi haina joto, haina harufu, haina maumivu wakati inapita. Kilichomuumiza ni kutolewa kwa gozi, ganzi ikiwa imeanza kuisha. "Walivuta, wakavuta, nikasema hii imeanzia wapi."

Na akarudi tena mara zilizobaki. Hospitali hugawa dozi hii kwa namna tofauti, mara mbili hadi tano, kufuatana na ukubwa wa kila dozi. Mara ya pili alibeba begi lake mwenyewe.

## Wiki nane

Kuna kitu kimoja ambacho, laiti ningekijua mapema, ningekisema barazani kwa sauti kubwa. Matibabu haya yana saa yake. Kuanzia dozi ya kwanza ya nje mpaka ya mwisho ya ndani, wataalamu wanataka yote yaishe ndani ya wiki nane. Chembe za saratani zilizonusurika huanza kuzaana kwa kasi katikati ya matibabu, na kila siku inayopotea inazipa nafasi. Kwenda nyumbani "kupumzika kidogo" miezi miwili kisha kurudi kwa ya ndani si kuahirisha nusu ya tiba. Ni kuharibu na ile nusu iliyokwishafanyika.

Wala usidhani ni jambo la nchi maskini. Huko Marekani walipochambua kumbukumbu za wagonjwa, waliona wanawake waliopewa mionzi ya nje bila ya ndani walikuwa wakifariki mapema kuliko waliopata zote mbili. Na hao walikuwa na mashine za nje za kisasa kabisa.

Sisi Waganda tunaijua mionzi ya nje kwa uchungu. Mwaka 2016, ile mashine ya kobalti iliyokuwa hospitali ya Mulago, Kampala, tangu mwaka 1995 ilipokufa kabisa, nchi nzima ililia. Wenye bahati wakasafirishwa Nairobi. Mpya ikazinduliwa Januari 2018, na zimeongezeka nyingine baadaye. Redioni tulisikia "mashine ya saratani" mpaka watoto wakajua. Lakini sikumbuki hata siku moja kusikia mtu akieleza redioni, kwa Kiswahili, Kilugbara au Kinubi, kwamba kwa saratani inayoongoza kwa wanawake wetu, mashine ile ni nusu tu.

## Kazi ya ssenga

Siku ya kuruhusiwa, sista alituita pembeni. Alikuwa na kipanuzi, kitu laini cha plastiki, na maelezo yake. Baada ya mionzi, uke hukauka na kujikaza, kuta zinaweza kushikana. Ukijifunga, daktari hataweza kumchunguza vizuri miezi inayofuata, na ndoa nayo itapata shida. Kwa hiyo baada ya vidonda kupoa atumie kipanuzi mara kadhaa kwa wiki, au alale na mumewe, au vyote viwili, pamoja na mafuta ya kulainisha.

Sista aliitwa mlangoni katikati ya maneno. Akaniambia nimalizie.

Kwa kabila la Baganda kazi hiyo ina mwenyewe, ni ya ssenga, shangazi anayemfunza msichana mambo ya ndoa. Kwetu pia haiwi ya mtoto. Mimi nilinyolewa nywele za utotoni na mama huyu, yeye ndiye aliyeniusia siku ya nikaha yangu, na sasa nilikuwa nimeshika kipanuzi, namweleza namna ya kukitumia akiwa amelala, na kwamba kulala na mumewe si dhambi wala hatari bali ni sehemu ya dawa.

Alinitazama muda mrefu. Kisha akaangua kicheko, kile cha kuziba mdomo kwa leso, mpaka wa kitanda cha jirani wakageuka.

"Na baba yako mdogo utamweleza wewe pia?"

Nilimweleza. Kwa simu, nikiwa nimewapa wote mgongo. Nilianza na lile la kuungua. Nikamwambia, baba, kile kipande kilirudi kwenye kasha lake, hakuna kilichobaki mwilini mwake, hutaungua wewe wala shuka. Kimya. Nikaendelea na yale mengine kwa kuzunguka, kwa adabu zote nilizofundishwa, na nadhani alielewa, kwa sababu alikata simu bila kuaga.

Tulipofika stendi ya Arua alikuwa amekuja mwenyewe na boda, amevaa kanzu iliyopigwa pasi.

Hata hivyo nyumbani haikuwa rahisi. Kuna mkwe mmoja alimtengea mama mdogo sahani yake peke yake, kwa wema, akidhani anawalinda watoto. Mama mdogo hakugombana. Alichukua mjukuu mdogo kuliko wote akamweka mapajani mbele ya watu, akala naye sahani moja. Sahani ile ya pembeni sijaiona tena, ingawa mkwe mwenyewe bado anaangalia angalia. Kipimo cha kwanza cha baada ya miezi mitatu bado kinakuja, na hakuna aliyetuahidi kitu.

## Anayepiga simu

Juzi mwanamke wa Koboko alipata namba yangu. Dada yake yuko Kampala, anamalizia mionzi ya nje, damu imekatika, anataka kurudi awahi karanga shambani. Aliniuliza kama ni lazima.

Nikamuuliza kwanza: alianza lini? Tukahesabu wiki pamoja. Nikamwambia aende na dada yake kwa wanaopanga mionzi, aombe tarehe zote za ndani ziandikwe leo, na aulize kama zote ziko ndani ya wiki nane. Na karanga atafutwe mtu wa kuzing'oa, hata kwa kugawana magunia.

Akaniuliza tena, kwa sauti ya chini, kama inauma.

Nikamwambia gozi inauma inapovutwa. Aombe dawa ya maumivu kabla hawajaanza kuvuta, asingoje mpaka waanze.